Salamu za Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni: Mshumaa kwa Ajili ya Derry

Ndugu zangu wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo.

Nawatakieni heri ya sikukuu hii ya tarehe 2 Februari, siku ya 40 tangu Noeli, tunapoingia kanisani na mishumaa mikononi. Nawasalimu kwa namna ya pekee ninyi mnaoishi Ayalandi, ambao jana mlimkumbuka Mtakatifu Brigida kwa misalaba yake ya nyasi. Wengi wetu Afrika Mashariki tulifundishwa katekisimu na mapadre na masista waliotoka kisiwa hicho, kwa hiyo msiba wao naona ni halali yetu kuulilia.

Tarehe kama ya leo, mwaka 1972, majeneza yalipangwa mbele ya altare ya Kanisa la Mtakatifu Maria, mtaa wa Creggan, mjini Derry, Ayalandi ya Kaskazini, sehemu ya kisiwa hicho iliyo chini ya Uingereza. Siku tatu kabla, Jumapili ya tarehe 30 Januari, maelfu ya watu waliandamana kupinga sheria iliyoiruhusu serikali kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Askari wa miavuli wa jeshi la Uingereza waliingia mtaa wa Bogside, na kwa muda wa dakika kama kumi hivi walifyatua risasi zaidi ya 100. Watu 13 walikufa siku ile, na majeruhi mmoja akafariki miezi michache baadaye. Picha inayokumbukwa kuliko zote ni ya Padre Edward Daly, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Derry, akiwa amejiinamia na kupeperusha leso nyeupe yenye damu ili waliombeba Jackie Duddy, kijana wa miaka 17, wapate kupita.

Kuuawa kulikuwa jeraha la kwanza; la pili, ambalo kwangu ni chungu zaidi kwa sababu lilitonyeshwa kila mwaka, lilikuwa kusingiziwa. Uchunguzi wa Jaji Widgery, uliomalizika kabla ya miezi mitatu kutimia, uliwalaumu kwa upole baadhi ya askari, lakini ukaacha tuhuma kwamba miongoni mwa marehemu wamo walioshika silaha au mabomu. Mama aliyemzika mwanawe akabaki pia na kazi ya kulisafisha jina lake.

Ndiyo maana Injili ya leo hunipeleka Derry. Mzee Simeoni alikuwa “akiitarajia faraja ya Israeli”, naye ndiye aliyemwambia Maria kwamba upanga utaingia moyoni mwake. Familia za Derry zilitarajia kwa miaka 38. Uchunguzi mpya, ulioongozwa na Jaji Saville, ulianzishwa mwaka 1998, na ripoti yake ikatoka tarehe 15 Juni 2010, wakati wazazi wengi walikuwa wamekwisha kufa. Ilitamka kwamba hakuna hata mmoja wa waliopigwa risasi aliyekuwa akihatarisha maisha ya askari. Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, David Cameron, aliomba radhi bungeni, akisema kitendo kile hakikuwa na uhalali wala hakiwezi kuhalalishwa. Nje ya Guildhall, ukumbi wa mji wa Derry, umati ulishangilia huku nakala ya ripoti ya Widgery ikichanwa hadharani.

Mahakamani mambo yalikwenda vingine. Oktoba 2025, huko Belfast, askari wa zamani ambaye ndiye pekee aliyesimamishwa kizimbani kwa mauaji hayo aliachiwa huru. Simeoni aliiona faraja akaomba aende kwa amani. Familia hizi zimeiona nusu yake, na bado zinakutana kila Januari penye mnara wa kumbukumbu, Barabara ya Rossville, kuweka mashada.

Pokeeni basi salamu zangu, ninyi nyote mnaoadhimisha sikukuu hii mkiwa na jina la marehemu ambalo halijasafishwa. Padre akimaliza kubariki mishumaa, wangu nitauwasha kwa ajili yenu na kwa ajili ya wale 14.

Heri ya sikukuu.