Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka 2024, Mwaka wa Kusubiri

Jumamosi, 18 Januari 2025, Dar es Salaam

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wenye malori, wazee wetu waanzilishi, na nyinyi vijana mliojiunga mwaka huu mkiwa na gari mojamoja: Assalaam aleykum, Bwana asifiwe, na ambao sijawagusa, habari za asubuhi.

Hesabu za fedha zimo kwenye taarifa ya mweka hazina, sitazirudia. Nitasema tu kwamba ada zinalipwa kwa kusuasua, na wanaosuasua wanajijua.

Nianze na kosa langu. Januari mwaka jana nilisimama hapa nikawaambia kwamba meli ni nyingi nje ya bandari, zikishusha mzigo utamwagika, kwa hiyo andaeni magari. Baadhi yenu mlinisikiliza, mkaenda kukopa matela. Mzigo haukumwagika. Ulikuja kwa vipande, kontena mbili leo, tano wiki ya tatu, na marejesho ya mkopo hayakusubiri kontena. Waliokopa kwa maneno yangu nimeshazungumza nao mmoja mmoja, na leo nawaomba radhi mbele ya wote.

Nilikosea kwa sababu nilihesabu kwa kalenda ya zamani. Kalenda hiyo wote tunaijua. Wachina wanafunga viwanda kwa mwaka wao mpya, ambao 2024 uliangukia tarehe 10 Februari. Kabla ya kufunga wanasukuma mzigo mwingi, baada ya hapo kimya. Kimya hicho kinafika Dar wiki kadhaa baadaye, na ndipo tulipokuwa tunapeleka magari gereji kubadilisha springi na bushi huku masika ikinyesha. Kipupwe barabara inakauka, kazi inachanganya. Kuanzia Septemba mzigo wa sikukuu unaingia Kariakoo, wa Lubumbashi kule Kongo unapanda, na tunafunga mwaka tukiwa na cha kulipia ada za watoto Januari. Mababu wa pwani nao walikuwa na kalenda yao ya majahazi: kaskazi ikileta, kusi ikirudisha. Heri yao, maana upepo wao ulikuwa na adabu.

Kilichovunja kalenda yetu kilianzia Bahari ya Shamu. Tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen waliiteka meli Galaxy Leader, na kufikia katikati ya Desemba mashirika makubwa ya meli yalikuwa yameanza kuukwepa Mfereji wa Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Wengi wetu tuliitazama habari hiyo kwenye televisheni tukasema haituhusu, kwa kuwa kontena la kutoka Ningbo kuja Dar halipiti Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu. Ni kweli, halipiti. Lakini chukulieni daladala. Njia ya Mbagala ikifungwa, magari yakalazimika kuzunguka mbali, kila safari inakula muda zaidi, na ili abiria wa Mbagala wasikae kituoni lazima magari yaongezwe. Yataongezwa kutoka wapi? Yatatolewa njia nyingine, yenye abiria wachache na nauli ndogo. Safari ya Asia hadi Ulaya iliongezeka siku kumi hadi kumi na nne. Shirika lililokuwa na meli kumi za kuhakikisha moja inatoka kila wiki likahitaji kumi na mbili au zaidi. Kwenye biashara hiyo ya dunia, ndugu zangu, sisi ndio njia yenye abiria wachache.

Na makontena yenyewe yakawa yanakaa baharini muda mrefu zaidi, kwa hiyo kule viwandani matupu yakapungua. Mwishoni mwa Mei meli zilikuwa zinasubiri Singapore hadi siku saba ili zipate gati. Waagizaji wa Ulaya na Marekani, kwa kuhofia Krismasi isiwapite, wakaagiza mapema, na ule msimu wa juu ambao huwa Agosti na Septemba ukaja Mei na Juni. Kipimo cha bei cha kampuni ya Drewry ya London kilifika dola 5,937 kwa kontena la futi 40 tarehe 18 Julai, wakati wastani wa mwaka 2019 ulikuwa dola 1,420. Hizo ni bei za njia kubwa, si za Dar, lakini anayepanga meli yake iende wapi anazitazama hizo. Tena huko Rasini kwenyewe si salama majira ya kusi: tarehe 9 Julai meli ya CMA CGM Benjamin Franklin ilipoteza makontena 44 kwenye mawimbi nje ya Afrika Kusini.

Kwetu yote hayo yalionekana hivi: mteja aliyeagiza makontena kumi kwa hati moja aliyapokea kwa meli tatu. Wewe ulishaweka magari matano pembeni kwa ajili yake. Matatu yakapakia, mawili yakalala. Hakuna mkataba hata mmoja kati ya iliyopita mezani kwangu uliosema nani analipia kulala.

Mvua nazo. Masika ya 2024 ilikuwa ya El Niño, na sihitaji kuwasimulia Jangwani ilivyokuwa. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamepoteza maisha kwa mafuriko na maporomoko. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikapiga karibu na Mafia, barabara ya Lindi ikakatika maeneo ya Somanga. Wanachama wetu waliokuwa wanarudi na mzigo kutoka Mtwara walikwama. Mmoja akachoka kusubiri, akageuza, akazungukia Masasi, Tunduru, Songea, akaibukia Makambako na kushuka Kitonga kurudi Dar. Alifika salama, na dizeli ilikuwa imeshakula nauli yote. Wenzake waliobaki walilipwa kidogo na kusubiri sana. Nimejiuliza nani alikuwa na akili zaidi, sijapata jibu.

Siku nane baada ya kimbunga, Jumapili tarehe 12 Mei, nyaya za EASSy na Seacom zikakatika chini ya bahari na intaneti ya nchi nzima ikazimika au kusota. Mawakala wa forodha wakawa wanakaa mbele ya kompyuta kama watu walio matangani. Kontena ambalo kibali chake hakitoki haliondoki, na kontena lisiloondoka linahesabiwa siku. Tulizoea kukwama kwa tope. Kukwama kwa waya tulikuwa hatujajiandaa nako hata kidogo.

Sasa angalieni maajabu ya mwaka huo. El Niño hiyohiyo iliyotufurisha sisi ndiyo iliyowakausha wenzetu wa Zambia. Tarehe 29 Februari Rais Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa, na katikati ya mwaka Zambia ikakubaliana na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula kununua mahindi yetu tani 650,000. Kazi ikatokea pale ambapo hakuna aliyeitarajia, tena ya kupanda kutoka nyanda za juu kwenda Tunduma, si ya kutoka bandarini. Nani aliipata? Wenye matela yenye sakafu na kingo. Wenye matela ya kontena tu, yale ambayo ni chuma na kufuli za pembe, walibaki wanayatazama malori ya wenzao yakipita Mbeya na mahindi. Matela mengi yaliyokopwa mwaka jana kwa ushauri wangu ni ya aina hiyo. Nimeshaomba radhi, ila mnaoniangalia hivyo naona.

Nifike Kasumbalesa, maana hapo ndipo tulipoumia. Tarehe 10 Agosti Zambia ilifunga mipaka yake na Kongo pale Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, baada ya maandamano ya wasafirishaji wa upande wa Kongo waliokuwa wanapinga katazo la nchi yao la kuingiza bia na soda. Mipaka ilifunguliwa baada ya siku chache tu. Kwenye magazeti ikaishia hapo. Lakini foleni ya mpakani haifunguki siku lango linapofunguliwa. Waliozoea wanajua kwamba siku moja ya kufunga inalipwa kwa siku kadhaa za kusogea futi kwa futi.

Gari langu lilikuwa huko, kontena la futi 40 mgongoni. Dereva wangu, mtu mpole asiyependa kulalamika, alinipigia akasema, “Mzee, leo nimepika ugali mara ya kumi na moja mahali pamoja.” Utingo wake alikuwa anaumwa tumbo kwa maji ya kununua kwenye madumu. Nikamtumia fedha, nikampigia mteja. Mteja akaniambia mzigo ni wake ila foleni si yake. Nikampigia wakala wa shirika la meli kueleza kwamba mpaka umefungwa na serikali, tangazo ninalo, naomba hesabu ya siku za bure za kukaa na kontena isimame. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba saa ya kontena inaanza likishuka melini na inasimama tupu likirudi yadi, na katikati hapo hakuna serikali wala mpaka. Kontena liliporudi, amana niliyoweka kwa shirika la meli ilikuwa imeshaliwa karibu yote. Kwa dola, ndugu zangu, na miezi ile mnaikumbuka shilingi ilivyokuwa imelegea. Ilikuja kuimarika mwisho wa mwaka, sisi tukiwa tumeshalipa.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri jambo moja. Tunadhani tunauza kilomita. Tunaitana usiku kuulizana nauli ya Lubumbashi ni ngapi, ya Ndola ni ngapi, tunapunguziana mpaka inabaki bei ya dizeli na posho. Kumbe kilomita tunazijua: kutoka Dar hadi Tunduma hazijaongezeka. Kinachotumaliza ni siku. Shirika la meli linatoza siku, bandari inatoza siku, bandari kavu inatoza siku, benki inatoza siku. Aliye peke yake asiyetoza siku ni mwenye lori. Kila ucheleweshaji unaoanzia Bahari ya Shamu au Shanghai unashuka ngazi moja baada ya nyingine, kila mmoja akiusukuma kwa aliye chini yake, mpaka unafika kwa utingo anayeumwa tumbo Kasumbalesa.

Kwa hiyo kamati inaleta kwenu leo pendekezo la kupigiwa kura. Kila mkataba wa mwanachama kuanzia sasa utaje idadi ya siku za kusubiri kupakia na kushusha zilizomo ndani ya nauli, na tozo ya kila siku inayozidi. Utaje pia kwamba mpaka ukifungwa au barabara ikikatwa na maji, gharama za kontena zinabaki kwa mwenye mzigo. Fomu ya mfano ipo, imeandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka. Na mwanachama atakayekwenda kuchukua mzigo ambao mwenzake ameukataa kwa sababu ya kipengele hicho, ajue kwamba hatutamsaidia siku yake ikifika.

Najua mtakachosema. Dalali atatukimbia aende kwa wenye magari mia. Kweli, mmoja alinikimbia Julai. Septemba alirudi, kwa sababu wenye magari mia walikuwa wanatoza kusubiri tangu saa ya kwanza. Wakubwa hawakuwa na haya ya kudai, haya ilikuwa yetu.

Mengine nitayapitia haraka. Bandarini, DP World, kampuni ya Dubai, walianza kazi Aprili, na gati 8 hadi 11 nazo zimepata mwendeshaji mpya. Kwetu la kuzoea ni kwamba meli zikishusha kwa pamoja, magari nayo yanatakiwa kwa pamoja. Asiye na gari tayari siku hiyo anakosa. Treni ya SGR imeanza kubeba abiria hadi Dodoma, na mizigo yake itakuja, hilo halina mjadala. Kuhusu Lobito, bandari ya Angola, shaba ya Kongo imeanza kutokea Angola kwa reli, na wengine mmeshaanza kuniuliza kama tuuze magari. Mimi naitazama zaidi TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ambayo Septemba ilisainiwa makubaliano ya kuifufua kule Beijing, kwa sababu yenyewe inapita mlangoni kwetu kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Reli ikifanya kazi tutakuwa tunabeba kutoka stesheni, safari fupi, na safari fupi bila tozo ya kusubiri ni hasara tupu.

Kuhusu mwaka huu sitabashiri. Jumatano usiku tulisikia makubaliano ya kusitisha mapigano Gaza, na Alhamisi kabla ya chai nilikuwa nimepokea simu nne: Mwenyekiti, meli zinarudi Suez? Sijui, na hata zikirudi, meli zilizokuwa zinazunguka mbali zitaanza kufika mapema huku zile zilizotangulia bado ziko foleni, na msukosuko utakuwa mpya. Mwaka mpya wa Kichina ni tarehe 29, siku kumi na moja kutoka leo. Safari hii hakuna atakayekopa tela kwa neno langu. Anayetaka kununua, anunue lenye sakafu.

Kura itapigwa baada ya chakula. Wenye magari barabarani ambao hawakufika wametuma barua za uwakilishi, katibu anazo sita; kama yupo mwenye nyingine aikabidhi sasa kabla hatujafunga orodha.

Mwenyekiti