Wito wa Harambee: Tuezeke Chumba cha Kusomea Kwenye Kihamba cha Luteni

Wapendwa washarika, na wana wa Old Moshi mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Kamati ya ujenzi inawaomba mchango wa kuezeka chumba cha kusomea cha shule yetu ya sekondari, ambacho kuta zake zilifika kwenye lenta mwaka jana na hadi leo zinanyeshewa. Wazee wanajua kiwanja kile ni cha nani, lakini wanafunzi wanaokipita kila asubuhi hawajui.

Ni kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, ambacho mzee mmoja wa usharika huu alimkatia mwanawe wa pili, akakizungushia masale, mimea yetu ya kuwekea mpaka, akingoja kijana aoe na kujenga. Kijana huyo alisoma hapa, akaenda Chuo cha Kijeshi Monduli, akatoka na nyota moja begani, Luteni Usu wa askari wa miguu. Likizo yake ya mwisho aliimaliza barazani akiwafundisha hesabu wadogo zake na watoto wa majirani kwa taa ya chemli. Daftari la mazoezi aliyowatungia lingali kwenye sanduku la bati aliloacha mama yake, na jiometri yake, tuseme kweli, imewashinda baadhi yetu wanakamati.

Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, mgambo waliitwa kwa maelfu, naye akakabidhiwa platuni ya watu ambao wengi walimzidi umri. Tarehe 10 Machi 1979, huko Lukaya nchini Uganda, Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa ya mgambo, ilikutana na askari wa Amin waliosaidiwa na Walibya wenye vifaru na roketi, na wengi wakakimbilia kwenye kinamasi. Kwa simulizi ya askari mwenzake aliyekuja kuwapa pole wazazi, Luteni alibaki barabarani akiwakusanya waliotawanyika, na hapo ndipo alipopigwa. Kesho yake, Brigedi ya 208 ilipozunguka na kumkabili adui kwa upande mwingine, Lukaya ilikombolewa. Alikuwa na miaka 24.

Amezikwa Kaboya, wilayani Muleba, pamoja na mashujaa wenzake. Kwetu Wachagga, mtu kulala mbali na kihamba chake si jambo dogo, na mama yake, ambaye hakujaliwa kufika Kaboya, hakumruhusu yeyote kupanda hata mgomba mmoja ndani ya yale masale. Baada ya mama huyo kuondoka duniani, wadogo wa marehemu walikitoa kiwanja kwa shule kwa sharti moja: chumba kiwe na taa usiku. Jina lake litachongwa kwenye bamba la mlangoni; kwa ombi lao hatulitaji hapa.

Tunahitaji bati 72 za geji 28, mbao za kenchi, misumari, na sola ya kutimiza lile sharti. Fundi wa awali alichukua malipo ya kuanzia na hakuonekana tena, kwa hiyo safari hii kamati itanunua vifaa yenyewe, na stakabadhi zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Michango ipokelewe na mhazini, ofisini kwa usharika, kwa risiti. Asiye na fedha alete mkungu wa ndizi, mayai au kuku, tutavinadi baada ya ibada ya pili. Walio mbali wanaweza kumtuma ndugu aliye nyumbani. Tungependa bati liwe juu kabla ya masika.