Wanangu wa kikoba, mpeni muda kabla hamjampa moyo

Wanangu,

Nawasikia kila tukimaliza kikao. Mmoja anasema wanawake tumeumbwa kupenda wanaume wakorofi. Mwingine anasema huo ni utoto. Wa tatu ananyamaza, simu kaikumbatia ndani ya mtandio. Nawaandikia nyote, ila zaidi huyo anayenyamaza. Tena naandika wazi, maana kuanzia hapa Magomeni mpaka Mbagala mabinti wanaulizana swali hilihili, kwa nini tunavutiwa na wanaume wakorofi, na majibu wanayopewa hayawasaidii.

Kwanza niwatoe aibu. Kuvutiwa na mtu wa aina hiyo hakumaanishi kwamba huna akili au hukulelewa. Nimekaa kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa la kata kwa miaka mingi, na waliokuja mbele yetu walikuwa watu wazima na akili zao: mwalimu, mhasibu, mama mwenye fremu Kariakoo. Namkumbuka mmoja akitueleza kwa sauti ya chini jinsi mumewe alivyomnyang'anya kadi ya benki na kumfungia nje usiku. Katikati ya maelezo simu ikatetema. Akaitazama, uso wote ukachangamka: mume kamwandikia pole. Wajumbe tulikaa tunamtazama, naye hakutuona tena.

Nataka muelewe kilichotokea pale.

Mwaka 2002, huko Kanada, Delroy Paulhus na Kevin Williams waliandika kuhusu tabia tatu ambazo mara nyingi hukutana kwa mtu mmoja, wakaziita utatu wa giza. Ya kwanza ni unarsisi, kujiona bora na kutaka kusujudiwa. Ya pili ni umakiaveli, yaani kuwachezea watu kwa hesabu ili upate unachotaka. Ya tatu ni usaikopathi, kukosa huruma na kutenda bila kuogopa matokeo. Kila mtu ana kiasi fulani cha mambo haya, kwa hiyo msimpachike jina la saikopathi kila kijana aliyesahau kupiga simu. Ninaowazungumzia ni wale ambao vipimo vyao viko juu. Na wanawake wa namna hiyo wapo pia, wapo wanaume wanaolia kwa ajili yao.

Sasa kwa nini watu hawa wanavutia? Wataalamu wa saikolojia ya mageuko, wanaochunguza jinsi tabia zetu zilivyojengeka tangu enzi za mababu, wanaanzia mbali. Robert Trivers alieleza mwaka 1972 kwamba yule ambaye uzazi unamgharimu zaidi ndiye huchagua kwa makini zaidi, na kwa binadamu mimba na kunyonyesha ni mzigo wa mwanamke. Kwa vizazi vingi mno, mwanamke aliyemtambua mapema mwanaume jasiri, mwenye kauli, ambaye wengine wanampisha njia, alikuwa na nafuu ya kulea watoto wakakua. Kwa maelezo hayo, macho yetu yamezoea kutafuta dalili za uwezo. Shida ni kwamba mtu anaweza kuwa na dalili zote na uwezo wenyewe asiwe nao. Asiyejali macho ya watu utamwona jasiri. Anayejisifu bila haya utadhani anajiamini. Mwaka 2009 Peter Jonason na wenzake walionyesha kwamba wanaume wenye tabia hizi huelekea mahusiano mengi ya muda mfupi. Ni hodari wa kupata, kukaa hawajui.

Kuna utafiti mmoja naupenda kwa sababu unaonekana kwa macho. Nicholas Holtzman na Michael Strube, wa Marekani, waliwapiga picha wanafunzi kama walivyokuja, kisha wakawavalisha nguo za kawaida za mazoezi, wakawaondoa vipodozi, wenye nywele ndefu wakazifunga nyuma, wakawapiga tena. Matokeo yalitoka 2013: wenye tabia za giza walionekana wa kuvutia zaidi pale walipokuwa wamejipamba. Walipovuliwa mapambo, ile ziada haikuonekana tena. Hapa kwetu mapambo ni pamoja na marashi, gari la IST la kuazima, na meza Masaki ambayo bili yake italipwa kwa mkopo.

Naye Paulhus, mwaka 1998, aliwakutanisha wanafunzi katika vikundi vidogo, mara saba. Siku ya kwanza wenye kujikweza walipendwa, wakaonekana wachangamfu na wenye uwezo. Kufikia mkutano wa saba wenzao walikuwa wamewachoka. Ni kanga inayochuja: dukani inang'aa kuliko zote, ukiifua rangi inabaki kwenye beseni. Na ninyi wanangu mnatoa moyo, na mara nyingine namba ya siri ya simu, kwenye mkutano wa tatu.

Vijana wa kiume mnaopenda kusema kwamba wanawake wanataka wanaume wabaya, nanyi nisikilizeni. Ni kweli Gregory Carter na wenzake, huko Uingereza mwaka 2014, waliwapa wanafunzi wa kike 128 wasifu wa wanaume wasome, na mwenye tabia za giza akaonekana anavutia zaidi. Lakini yule alikuwa mtu wa kwenye karatasi. Hakuna aliyemfulia wala kumwomba hela ya dawa ya mtoto. David Buss alipouliza watu zaidi ya 10,000 katika tamaduni 37, matokeo yake ya 1989 yalionyesha wanawake kwa wanaume wakiweka wema na kuelewana juu kabisa katika sifa za mwenzi wa maisha. Na hapa nchini, kwa Wahadzabe kandokando ya Ziwa Eyasi, Frank Marlowe aliwauliza wanataka nini kwa mwenzi. Majibu yao yaliyotoka 2004 yalijaa tabia njema: awe na moyo mzuri, asipige. Mume hodari wa kuwinda anatakiwa sana kule, naam, lakini hata huko hawataki mkono wake uwageukie wao.

Turudi kwa mama wa barazani. Ferster na Skinner walionyesha mwaka 1957 kwamba njiwa anayepata punje bila kujua lini itakuja huendelea kudonoa hata punje zinapokoma, kwa muda mrefu kuliko aliyezoea kuipata kila akidonoa. Donald Dutton na Susan Painter walichunguza wanawake waliotoka kwa wanaume wakatili, wakaona ukatili unaokuja kwa vipindi, na wema katikati yake, hufunga moyo kwa nguvu. Kwa hiyo ile pole kwenye simu ilikuwa sehemu ya kamba. Mkijiona mnamshukuru mtu kwa sababu leo hakuwatukana, simameni hapo mjiangalie.

Zamani muda wa kumjua mtu ulipatikana bila kuombwa. Mshenga alikwenda na kurudi, wazee walipeleleza ukoo, shangazi aliuliza majirani. Leo mnakutana kwenye simu, hamjui hata mtaa aliokulia, na kila mnapoonana amechagua yeye: Coco Beach, Mlimani City, saa anayotaka, akiwa na hela. Mtazameni siku ambayo hakuipanga. Kwenye msiba ni pazuri sana. Tazama kama anabeba viti na kuteka maji wakati hakuna anayemsifu, au anazunguka akisalimia wakubwa tu. Mwambie hapana kwa jambo dogo, mfano huwezi kutoka Jumamosi hii, kisha usijieleze, umwone. Muulize kuhusu rafiki aliyedumu naye tangu utotoni. Mwanaume ambaye wapenzi wake wote wa zamani walikuwa vichaa na marafiki wote walimsaliti, anawasimulia habari zake mwenyewe.

Mmeniuliza pia kama atabadilika. Ulrich Orth na wenzake walikusanya tafiti nyingi, wakachapisha mwaka 2024: unarsisi hupungua kadiri umri unavyokwenda, lakini polepole, na aliyekuwa juu ya wenzake ujanani huelekea kubaki juu yao. Kwa hiyo msikae kumsubiri azeeke.

Kwa aliyekwisha pigwa: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inaruhusu. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, utapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Ukiwa umeumia vibaya, hospitali kwanza. Beba kitambulisho chako, vyeti vya watoto na kadi zao za kliniki. Hisa zako zisikurudishe nyuma, zimo kwenye sanduku letu lenye funguo tatu, na hatumpi mtu yeyote pasipo wewe mwenyewe kuja na kutia saini.

Ni mimi somo yenu,
Magomeni