Shangazi, kuna mtu ameniuliza kama niko Newala au Tandahimba

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Mtwara mjini. Mtaa nimeuacha makusudi, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili hata jirani akisoma asinitambue. Tuseme nina kibanda cha steshenari: nadurufu, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, na msimu wa maombi ya vyuo na mikopo ukifika nawajazia vijana fomu mtandaoni. Siyo hiyo hasa, ila haiko mbali. Kompyuta iko mbele yangu kutwa nzima na bando haliniishii, na huko ndiko lilikonipata hili.

Mimi ni mwanamume, nawapenda wanaume. Nalijua hilo tangu shule ya msingi, na hapa mjini hakuna mwenye habari, wala Masasi nilikozaliwa. Tafadhali usinihubirie. Mahubiri nimeyasikia Jumapili nyingi, nikiwa benchi moja na mama, naitikia amina pamoja na wengine. Ninachotaka kwako ni akili ya mtu mzima juu ya jambo la hatari, na sina mwingine wa kumuuliza. Lina mzunguko kidogo, univumilie.

Kwa miaka kadhaa sasa nafuata dini ya kale ya watu wa Skandinavia, ya kina Odin, Thor na Freyja. Najua utafikiria filamu. Hata mimi niliingilia mlango kama huo, mchezo wa kompyuta aliokuja nao kijana mmoja kwenye flashi, lakini nikabaki na maswali ambayo mchezo haukuyajibu, nikaanza kusoma. Dini hiyo ipo na ina waumini. Kule Iceland wana chama chao, Ásatrúarfélagið, kilichoanzishwa mwaka 1972 na mkulima mshairi aitwaye Sveinbjörn Beinteinsson. Mwaka uliofuata serikali ikakitambua, na leo viongozi wake wanafungisha ndoa zinazotambuliwa kisheria, zikiwemo za watu wa jinsia moja, ambazo sheria ya nchi hiyo ilizikubali mwaka 2010. Mwaka 2015 kiongozi wao, Hilmar Örn Hilmarsson, alieleza hadharani kwamba wanapokea barua za chuki kutoka kwa wapagani wa nchi nyingine kwa sababu ya msimamo huo. Niliposoma habari ile usingizi ulichelewa kuja. Kumbe kuna watu wanatukanwa kwa ajili yangu na hata hawanijui.

Kundi nililomo mimi ni la mtandaoni. Wazungu ndio wengi, kuna Wabrazili, kuna Mfilipino, na kuna mimi. Jina langu la kweli hawalijui, mengine yote wanayajua. Wanajua nani aliniacha akahamia Dar es Salaam akaoa. Nikisema "yule bwana wangu wa zamani" hakuna anayeshtuka wala anayecheka, mtu ananiuliza tu kama bado inauma. Labda kwa wasomaji wako ni kitu kidogo.

Wenzangu huniuliza kwa nini Mmakua wa Masasi asiabudu vya kwao, na nadhani hata wewe swali hilo unalo. Vya kwetu navijua. Nimeona unga ukimwagwa chini ya mti nikiwa mdogo, nimepita jandoni. Jando lenyewe kwetu hata Kanisa halikuliweza: Askofu Vincent Lucas wa Waanglikana, enzi za ukoloni, aliona bora alibatize kuliko kulipiga vita, akalitia sala na msalaba. Tatizo langu ni kwamba mizimu ya kwetu huifikii bila kupitia kwa mjomba, na mjomba ndiye anayenitafutia mke. Odin hana undugu na mtu yeyote wa Masasi. Ndiyo sababu niliweza kumwendea peke yangu.

Ibada zangu ni za kawaida. Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, nanunua uraka, pombe inayotokana nayo, nakwenda shambani kwetu jioni, namimina kikombe chini ya mkorosho na kusema yangu. Vitabu vinataja kinywaji cha asali, lakini hakuna aliyelalamika. Mama mmoja wa Norway, ambaye ndiye mkubwa wa kundi letu, aliniomba nimweleze uraka unavyokamuliwa, na nilipiga picha kikombe, mti na mabibo yaliyodondoka nikaiweka kundini. Ikumbuke picha hiyo, nitairudia.

Lakini kilichonishika hasa ni hadithi. Kuna moja, Thor ameibiwa nyundo yake na jitu liitwalo Thrym. Jitu linasema halirudishi mpaka lipewe Freyja aje kuolewa. Freyja anakasirika, hataki kusikia. Basi mungu mwenzao, Heimdall, anatoa shauri kwamba avishwe Thor mwenyewe: shela, funguo kiunoni, vito kifuani. Thor, na misuli yake yote, analalamika kwamba miungu wenzake watamwita si mwanamume. Loki, yule mjanja wa miungu, anamwambia anyamaze, bila ile nyundo majitu yatahamia nyumbani kwao. Wanakwenda, Loki akiwa mpambe. Karamuni bibi harusi anakula ng'ombe dume mzima na samoni wanane, anashushia na mapipa matatu ya kinywaji cha asali, bwana harusi macho yamemtoka. Mpambe anajibu bila kupepesa: binti hajala kwa usiku nane, hamu ya kuja huku. Nimekwenda harusi nyingi za hapa Mtwara na wapambe waongo nimewaona, ila huyu ni kiboko.

Loki huyohuyo aliwahi kujigeuza farasi jike, akapata mimba, akamzaa Sleipnir mwenye miguu minane ambaye ndiye anayepandwa na Odin. Na Odin naye alijifunza kwa Freyja uganga uliokuwa wa wanawake. Kundini hadithi hizi zikisimuliwa, wengi husema: unaona, wazee wa kale hawakuwa na shida na watu kama sisi. Hapo huwa nabishana nao. Snorri Sturluson, mwandishi wa Iceland aliyeuawa mwaka 1241, anasema uganga ule ulikuwa aibu kwa mwanamume, ndiyo maana walifundishwa makuhani wa kike. Na sheria za kale za Iceland zilimruhusu mtu kumuua aliyemsingizia kuwa analaliwa na wanaume. Tusi hilo lilikuwa zito kwao kama lilivyo zito hapa stendi. Mimi halinitoi katika dini. Nawajua vizuri watu wanaosimulia kitu usiku wakicheka hadi machozi, na asubuhi wakakikana. Nimelelewa nao.

Sasa tuje kwenye tatizo. Ndani ya dini hii kuna wanaosema ni ya damu, kwamba ni ya wazawa wa Ulaya tu, na kwamba mwanamume awe mwanamume na mwanamke awe mwanamke. Mwaka 2016 chama kimoja cha Marekani, Asatru Folk Assembly, kilitoa tamko la namna hiyo. Vikundi vingi vikajibu kwa tamko lao, Declaration 127, kwamba havitashirikiana nacho. Namba hiyo ni ya ubeti wa 127 wa Hávamál, shairi la kale la mawaidha katika dini hii, unaosema ukiona uovu useme wazi, wala usiwape adui amani. Kwa watu wa damu mimi nimekataliwa mara mbili kabla sijafungua mdomo.

Baadhi yao waliingia kundini kwetu kwa majina ya uongo, wakapiga picha mazungumzo na kuyasambaza. Ya mwenzetu mmoja yalifikishwa hadi kazini kwake. Baada ya hapo ikawekwa kanuni: anayetaka kuwa msimamizi, au kuhudhuria karamu ya viapo, lazima afungue kamera na viongozi wamjue kwa jina. Kanuni ninaielewa, na ningekuwa wao ningeiweka pia.

Ila mama wa Norway anataka mimi niwe msimamizi. Tena anataka karamu ya Juni, ile ya katikati ya kiangazi chao, irekodiwe na kuwekwa hadharani, na mimi nisimame ninyanyue kikombe, niseme mimi ni nani, natoka wapi, nampenda nani. Ni muuguzi mstaafu, anaishi na mke wake, ana moyo mzuri kuliko watu wengi ninaowajua. Anasema tukijificha tunawapa ushindi. Ananisomea ubeti wa 127. Mimi namwona anavyoniangalia kwenye kioo na najua anachokitaka: sura yangu itawajibu watu wa damu kwa siku moja. Baada ya hapo nitabaki nayo mimi, Mtwara.

Kwao Norway ndoa za jinsia moja ni halali tangu tarehe 1 Januari 2009. Kwetu kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaanzia miaka 30 jela na kuishia kifungo cha maisha. Nilimweleza. Alilia, Shangazi, alilia kabisa kwenye kamera. Halafu wiki iliyofuata akaniuliza kama nimeshaamua. Nikamjibu kwa shairi lake mwenyewe, maana Hávamál hata ubeti wake wa kwanza unasema kabla hujaingia angalia milango yote, hujui adui amekaa wapi, na ubeti wa 63 unasema siri ajue mmoja, asijue wa pili, wakijua watatu imejulikana na dunia. Alicheka akasema nimemshinda. Kanuni haikubadilika.

Hilo ningelimaliza mwenyewe. Lililonifanya nikuandikie ni la pili.

Kuna mtu mpya amejiunga, ana picha ya kunguru. Alisalimia kwa Kiingereza kama wote, akakaa kimya, kisha akaenda chini ya ile picha yangu ya uraka akaandika kwa Kiswahili: "Mabibo hayo, kaka. Uko Newala au Tandahimba?" Wenzangu hawakuelewa neno, mmoja akaweka alama ya moyo. Mama wa Norway alipoambiwa ni Kiswahili akafurahi kuliko wote, akaandika kwamba sasa nimepata ndugu. Usiku uleule yule mtu akanitumia ujumbe wa faragha: "Usiogope. Mimi pia." Basi. Hajaongeza kitu, nami sijajibu.

Nimesoma kila alichoandika kundini. Mahali fulani alitaja kivuko cha Msanga Mkuu, cha hapa Mtwara, kwa hiyo si mtu wa mbali. Anaweza kuwa amesimama mbele yangu nimpige picha ya pasipoti, nikamwambia anyanyue kidevu. Siku hizi kila mwanamume anayeingia namwangalia mikono anavyoshika simu.

"Mimi pia" inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kuwa mtego. Wewe umezisikia habari hizo: mtu anachumbiwa mtandaoni, anaitwa mahali, anakuta vijana watatu wanataka pesa la sivyo wampeleke polisi, au anakuta polisi wenyewe. Laini yangu imesajiliwa kwa alama za vidole kama ya kila mtu. Na watu wa damu nao hawashindwi kumlipa mtu atafute Mwafrika anayewakera. Sitaki kuwa mjinga.

Lakini pia nataka kukwambia ukweli kwamba yale maneno mawili nimeyasoma mara nyingi mno. Kwa Kiingereza nimeshasema kila kitu changu. Kwa Kiswahili, tangu yule aliyehamia Dar, sijawahi kumwambia mtu. Kuna siku nilianza kumjibu, nikafuta, nikafunga kibanda mapema.

Kwa hiyo, Shangazi, nisaidie hapa. Je, kuna namna ya kumpima mtu kama huyu bila kumpa kamba ya kunifunga? Nimefikiria kumuuliza maswali ambayo mpelelezi hawezi kuyajibu, ila sijui ni yapi. Nimefikiria kumwacha aongee yeye kwanza hadi achoke. Rafiki yangu Mbrazili anasema nitoke kundini na kufungua akaunti nyingine, lakini nikitoka nawapoteza na wale wanaonijua. Na mama wa Norway nimwambieje ili aelewe kwamba si woga, bila kumvunja moyo, na bila yeye kudhani namfundisha dini yake? Karamu ni wiki ya tatu ya Juni na anataka jibu kabla ya hapo.

Barua pepe usinitumie. Nijibu hapahapa kwenye ukurasa wako. Yule mwenye picha ya kunguru akisoma atajijua, kwa sababu mengine nimeyageuza lakini maneno yake nimeyaacha kama alivyoyaandika. Nimelifikiria sana hilo kabla ya kuituma.

Msomaji wako, Kusini