Yah: Malalamiko kuhusu maua ya msiba wa mzee wetu wa dini ya Sikh, tawi lenu la Moshi

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Maua na Mapambo,
Arusha.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ndiye mteja wa oda ya msiba iliyolipiwa Alhamisi, shilingi 380,000, zote kwa lipa namba, bila kubakiza hata senti. Masharti yenu mnayajua, mmeyabandika wenyewe ukutani pale kaunta: oda ya msiba inafika masaa mawili kabla ya ibada, na mteja anapigiwa simu kabla maua hayajatoka dukani. Sikupigiwa. Yalikuja saa nne kasorobo, na namna yalivyokuja ndiyo imenikosesha usingizi tangu Jumamosi.

Kijana wenu alifika jeneza likiwa limefunguliwa sebuleni, watu wamekaa chini, wamefunika vichwa, wanaitikia "Waheguru, Waheguru", jina la Mungu kwao. Akaingia na viatu, kichwa wazi, akapita katikati yao, akaweka juu ya kifua cha marehemu shada lenye msalaba. Msalaba wa maua meupe, na utepe wa zambarau wenye mstari wa Biblia. Marehemu alikuwa Sikh.

Mimi ni Mlutheri. Msalaba nimeuvaa tangu Kipaimara, na ndiyo maana najua kwamba si pambo la kumbandika mtu yeyote. Mzee huyu alinipokea gereji nikiwa na miaka 17, sijui hata kulegeza nati ya gurudumu. Kila kitu ninachokijua kwenye giaboksi nimekitoa mikononi mwake, miaka 22. Kila mwaka Novemba, sikukuu ya kuzaliwa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, alitubeba mafundi wote hadi gurdwara, nyumba yao ya ibada, tukale langar, chakula cha pamoja cha bure. Tulikaa sakafuni mstari mmoja, yeye na kijana anayefagia gereji, dengu ileile, chapati zilezile. Alipofariki niliwaambia wanawe: maua niachieni mimi. Ndilo jambo pekee nililoomba kwenye msiba ule.

Oda niliiandika kwa mkono wangu, na dada wa kaunta akaipiga picha. Makoja manne ya genda, yale maua ya rangi ya chungwa, yatungwe kwa uzi wa pamba. Shada moja la umbo la Khanda, nembo ya dini yao, na nilimchorea: upanga wa makali mawili katikati, duara, kisha panga mbili zilizopinda, moja kila upande. Petali za waridi kilo mbili za kumwagia. Nikasema mara mbili: pasiwe na waya, wala plastiki, wala sponji, kwa sababu maua yale yanaingia naye motoni. Mzee hakuwa wa kuzikwa, alikuwa wa kuchomwa. Dada akaniambia, "Sawa kaka, tumekuelewa." Hata Ijumaa jioni nilipita dukani kuulizia, nikaambiwa Khanda imeshakamilika, iko kwenye friji.

Hakukuwa na Khanda. Hakukuwa na koja hata moja, wala petali. Lilikuja duara la waya lililozungushiwa maua ya plastiki, msalaba katikati, na waridi chache zilizokwisha kuwa kahawia kwenye kingo. Usa River hapo wanalima maua ya kupandishwa ndege kwenda Ulaya, na ninyi mnamletea mtu wa Moshi plastiki kwa shilingi 380,000!

Nilitoka nje nikampigia msimamizi wenu wa tawi. Alinijibu hivi: "Kaka, si maua tu? Marehemu mwenyewe hayaoni." Nikamwomba namba ya makao makuu, akakata. Nilipiga tena mara tano, hakupokea.

Alikata kabla sijamweleza kilichotokea pale kwenye jeneza. Kwa hiyo mtakisikia ninyi, chote. Kijana ameingia na viatu. Mama mmoja mlangoni amemnyooshea kitambaa cha kufunika kichwa, hakukipokea, ana simu sikioni anasema, "Nimeshafika kwa Wahindi hapa, naweka naondoka." Akaweka. Ncha ya waya ikanasa kwenye kilemba cha mzee, kilemba ambacho wanawe walimfunga wenyewe asubuhi ile baada ya kumwosha. Kijana akageuka kuondoka, mkono wake ukalisukuma shada, waya ukavuta, kilemba kikalegea juu ya sikio. Mjane akanyanyuka. Akaunasua waya ule kwa kidole, polepole, kisha akarudisha mkunjo mmoja mmoja mahali pake. Sebule nzima ilinyamaza. Alipomaliza akaniangalia, akaniuliza, "Mwanangu, haya ndiyo maua yako?"

Sikuwa na jibu. Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali.

Mzee alikwenda motoni na boganvilia zilizochumwa kwenye ua wa jirani dakika ileile, watoto wakikimbia nazo mikononi.

Nilipoanza kuandika nilitaka mnirudishie fedha zangu tu. Sasa nasema hazitoshi. Nataka shilingi 380,000 zirudi zote kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Nataka msimamizi yule, yeye mwenyewe na si mjumbe wake, aje nyumbani kwa mjane kabla ya Jumapili. Jumapili usomaji wa Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu, unafikia mwisho gurdwara na familia inafanya bhog, ibada ya kuufunga usomaji huo, sitaki wafike siku hiyo na jambo hili moyoni. Aje, avue viatu, afunike kichwa, aombe radhi kwa mdomo wake. Maua msilete. Hatutayapokea.

Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sijapewa mpaka leo, nimeidai mara tatu. Ijumaa ikipita kimya, Jumatatu asubuhi niko TRA, Mamlaka ya Mapato, na ujumbe wa malipo yangu, na barua hii inakwenda Tume ya Ushindani pamoja na picha ya oda. Mkiniita pembeni tuelewane, sitakuja. Nitakwenda hadi mahakamani, na kijana wenu na msimamizi wenu watayarudia maneno yao mbele ya hakimu.

Shada lenu nimelitunza gereji, nimelitundika juu ya meza ya vifaa. Utepe haujafunguliwa. Kwenye ncha ya waya bado kuna uzi wa kilemba.

Mteja wenu,
Fundi magari, Moshi.

Nakala: Familia ya marehemu.