Barua ya kufunga muhula: daftari la mtoto aliandike mtoto

Kwa wazazi na walezi wote,

YAH: KUFUNGA MUHULA NA KAZI ZA NYUMBANI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Muhula umekwisha salama. Ripoti za maendeleo watoto wamekuja nazo; zisomeni, mtie sahihi, zirudi siku ya kufungua. Wenye madeni ya ada wanajijua, na mhasibu yupo ofisini wiki nzima ijayo. Sasa nije kwenye lililonikalisha chini niandike.

Nimefundisha miaka mingi, na sijawahi kuona wazazi wakikataa kuondoka shuleni kama jioni ile ya maonyesho ya kazi za nyumbani. Mlinzi alizima taa mara mbili. Darasa la Tatu walikuwa wamepewa swali moja tu: pima kitanda chako kwa shibiri, kisha mwombe mtu mzima wa nyumbani akipime kwa shibiri zake. Binti mmoja alileta 12 na nusu zake, na 10 za bibi yake. Akaulizwa mbele ya watu wote, nani kakosea? Akamtazama bibi, akatazama kiganja chake, akajibu, "Hakuna. Mkono wa bibi mkubwa." Haya, mwalimu akasema, fundi akitaka kutengeneza kitanda kama hicho, atumie mkono wa nani? Ukumbi ukalipuka. Baba mmoja alitoka viti vya nyuma akaja kuweka kiganja chake mezani kando ya cha bibi, na watoto wakamzunguka kuhesabu. Ndipo rula ilipotolewa. Watoto wale sentimita walikuwa wameikariri tangu mwaka jana, lakini jioni ile waliiona ikiamua ugomvi.

Bibi yule aliniambia mlangoni kwamba hajawahi kufungua daftari la mjukuu wake kwa sababu hakujaliwa kusoma. Kwa kazi hii hakuhitaji kusoma. Walimu wa Darasa la Tatu, mnisikie hata huku kwenye barua ya wazazi: hongereni sana.

Tulifikaje hapo? Kwa kukubali kwamba tulikuwa tumepotoka, na lawama ya kwanza ni yangu. Mpaka muhula uliopita tulikuwa tunamrundikia mtoto hesabu 40 kwa usiku mmoja, awe wa Darasa la Pili au la Sita. Mwalimu aliyetoa chache alionekana mvivu, na baadhi yenu mlinipigia simu kulalamika kwamba watoto wanarudi mikono mitupu. Basi tukazidisha. Mwaka 2006 Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti za Marekani za miaka 1987 hadi 2003. Waliona uhusiano kati ya kazi za nyumbani na ufaulu una nguvu zaidi kwa wanafunzi wa sekondari, na kwa wadogo ni hafifu. Kipimo anachokitetea Cooper ni dakika 10 kwa kila darasa: la Kwanza 10, la Pili 20, mpaka la Sita saa nzima. Wa kwetu wa Darasa la Pili walikuwa wanasinzia juu ya daftari saa tatu usiku. Naye Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alishirikiana na walimu kutunga kazi ambazo mtoto hawezi kuzimaliza bila kuzungumza na mtu wa nyumbani. Kitanda na shibiri ni za ukoo huo.

(Aliyeniambia kwamba haya ni mambo mapya ya walimu wavivu ajue kuwa jimbo la California lilipiga marufuku kazi za nyumbani kwa watoto wa chini ya miaka 15 mwaka 1901, na sheria ile ikafutwa mwaka 1917. Mjadala huu umeanza kabla ya babu zetu.)

Sasa niwageukie, na mtanisamehe nikipandisha sauti.

Katika Darasa la Tano, mwalimu alikusanya madaftari akakuta kumi na moja yana mwandiko wa mtu mzima. Hamjifichi vizuri, wazazi wenzangu. Mtoto wa miaka kumi hakati saba yake kwa kistari katikati, wala hamalizi jibu kwa kupigia mistari miwili kwa rula. Daftari mojawapo lilikuwa na robo tatu jumlisha theluthi mbili, jibu 17/12, safi kabisa. Mtoto akaitwa ubaoni na swali lile lile. Akajumlisha vya juu, akajumlisha vya chini, akaandika 5/7, akageuka akitabasamu. Tano kwa saba ni ndogo kuliko robo tatu aliyoanza nayo! Kosa hilo ndilo mwalimu alilokuwa analitafuta, maana linamwonyesha mtoto amekwama wapi. Mzazi alilifukia chini ya jibu sahihi, mwalimu akavuka mada akidhani darasa limeelewa.

Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu, "Kazi hii si yako." Kesho yake asubuhi mzazi alikuja ofisini kwangu, mbele ya watoto wanaopita, akidai alama zake. Alisema, "Tumekesha na hizi hesabu." Tumekesha! Nilimpa kiti na maji. Hakukaa.

Na Darasa la Sita nako kulikuwa na soko. Kila asubuhi kabla ya kengele, nyuma ya madarasa, mtoto mmoja anakodisha daftari lake, wenzake wananakili wamechuchumaa, malipo ni kalamu. Tulikamata kalamu za kujaza boksi. Wote walioshiriki walikaa nami alasiri kwa wiki mbili wakirudia kazi ile, na nilipomuuliza mmoja kwa nini, akasema nyumbani hawamuulizi alichojifunza, wanahesabu alama za vema tu. Sikuwa na la kumjibu. Nawaletea ninyi mjibu.

Kuanzia muhula ujao basi, kazi zitakuwa fupi. Dakika zake zikiisha, mtoto aache hata kama amebakiza, nawe uandike pembeni "aliishia hapa". Mwalimu hatamwadhibu, nimeshawaambia. Usishike kalamu ya mtoto. Akikosea, muulize "umejuaje?" kisha nyamaza, hesabu moja mpaka tano moyoni kabla ya kumsaidia, maana wengi wetu hatufiki mbili. Akisoma kwa sauti, simu iwe chumba kingine, yake na yako. Sahihi ya dole gumba tunaipokea. Na alale: mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12.

Kikao cha kueleza haya yote mliitwa mara mbili. Mara ya kwanza viti vilikuwa vingi kuliko watu. Mara ya pili walikuja wale wale wa mara ya kwanza, ambao hawakuwa na haja ya kuambiwa. Kitaitishwa tena wiki ya kwanza ya muhula, na safari hii mtoto ambaye hakuletewa mtu nitamfuata nyumbani kwake mwenyewe, jioni, bila taarifa.

Kazi ya likizo ni moja kwa shule nzima. Mtoto amuulize mtu mzima jambo lililomshinda shuleni alipokuwa mdogo, na aliishiaje. Msiwatungie.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu

N.B. Sweta zilizosahaulika ziko stoo. Na mzazi wa 17/12: daftari bado liko mezani kwangu. Njoo ulichukue na mwanao, chaki ipo.