Majimoto wa mwembe wa Ujiji: barua kwa mwanangu Zaituni

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Zaituni,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Mguu wa mama yako umepungua kuuma, anakusalimu sana na anauliza ile asali ya Tabora uliyomuahidi imefikia wapi.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Kwamba unawaleta wanafunzi arobaini wa kidato cha pili kwa treni mwezi wa saba, nimefurahi mno. Kwamba unataka niwaandalie hotuba ya saa nzima pale makumbusho ya Livingstone, kisha nyingine ya ziwa, wao waandike notisi ili mkuu wako wa shule aone kazi imefanyika, hilo sitalifanya. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana kwenye simu ungesema "baba jamani, fanya tu", na mimi ningekubali.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Nilipoanza kutembeza wageni, wewe ukiwa bado mgongoni kwa mama yako, lilikuja darasa moja la watoto wa msingi. Nikawapanga ndani, nikaanza: wapelelezi Burton na Speke walifika hapa Ujiji mwaka 1858, Stanley akamkuta Livingstone 1871, na kuendelea. Saa nzima. Watoto wameinama wanaandika, hakuna aliyeinua uso kutazama picha hata moja. Binti mmoja alikuwa ametoroka nje, amesimama chini ya mwembe, mmojawapo wa ile tunayowaambia wageni kwamba imetokana na mti waliokutania Stanley na Livingstone. Mwalimu wake akamfokea arudi. Alipopita mbele yangu akaniuliza kwa sauti ya chini: "Baba, hawa majimoto wanashona majani kwa uzi gani?"

Alikuwa anawasema wale chungu wekundu waishio mitini. Nikamwambia ingia ndani, tutaongea baadaye. Hatukuongea. Gari lao liliondoka na mpaka leo sijui yule mtoto alifikia wapi.

Lakini swali lake lilibaki kwangu. Kesho yake nilikwenda mapema kabla ya wageni, nikasimama chini ya mwembe. Sikuona kitu zaidi ya kuumwa shingoni. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikaona. Majimoto walijipanga kwenye ukingo wa jani, wengine wameshikana viunoni kama mnyororo, wakavuta majani mawili mpaka yakakaribiana. Ndipo akaja mmoja amebeba kitu cheupe mdomoni, kadiri ya punje ya mchele. Alikuwa mtoto wao, funza ambaye bado hajawa mdudu kamili. Akamgusisha jani hili, akamvusha akamgusisha lile, huku na huku kama mfumaji, na kila alipomgusisha ulibaki uzi mwembamba wa hariri. Uzi unatoka kwa watoto wao! Nilizaliwa chini ya miembe hii, nimeumwa na majimoto tangu sijajua kusema, na nilikuwa sijui. Aliyenifundisha ni mtoto niliyemrudisha ndani.

Tangu hapo nimewatazama wageni kwa jicho jingine. Mtu anaingia kwenye chumba cha makumbusho, anasimama mbele ya kitu kwa muda wa kunywa funda moja la maji, anapita. Anayekaa ni yule mwenye swali lake mwenyewe, au aliyekuja na mtu wa kuzungumza naye. Nimewaona mama na mwanawe wamesimama mbele ya picha moja kwa robo saa, wanabishana juu ya mzigo waliobeba wapagazi, pembe moja ya ndovu inafika kilo ngapi, mtu anaibebaje mpaka Bagamoyo. Hiyo tayari ni hesabu na fizikia, na mimi sijatia neno.

Mgeni mmoja aliyewahi kufanya kazi katika makumbusho ya sayansi ya San Francisco, yanayoitwa Exploratorium, alinieleza wanavyofanya kwao. Yalifunguliwa mwaka 1969 na mwanafizikia Frank Oppenheimer. Vitu vyake vimewekwa ili viguswe, vizungushwe, vivutwe. Wanaowapokea wageni wengi ni vijana wa sekondari, nao hufundishwa kuuliza kabla ya kueleza. Nilimsikiliza nikawaza: hapa hatuna hela ya mashine za namna hiyo, lakini tuna ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na lipo wazi mchana na usiku.

Basi mpango wangu ni huu. Kabla hamjapanda treni, kila mwanafunzi atie misumari miwili kwenye kikombe cha maji, mmoja umepakwa grisi na mwingine mtupu. Waiache wiki mbili, waiangalie kila siku. Usiwaambie ni ya nini. Wakifika hapa nitawasimulia habari za Liemba. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha yapata 5,000, ikaja kuungwa hapahapa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Ilipoibuliwa mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa. Hapo nitanyamaza. Mwenye msumari wenye kutu mfukoni atasema mwenyewe kilichotokea.

Alfajiri inayofuata tutakwenda Kibirizi, mitumbwi ikirudi. Panga tarehe iangukie giza, maana mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hupumzika. Waulize wavuvi, wasiniulize mimi. Wavuvi watawaambia kwamba dagaa huja juu usiku na kufuata taa, na watasema sababu zao. Baadhi ya sababu hizo zitakuwa pungufu. Wapo wanaosema dagaa anaogopa mwezi tu, basi. Hapo ndipo kazi yako, Zaituni, maana kuona peke yake hakutoshi. Mtoto anaweza kukaa ufukweni miaka sabini asijue kwamba chini ya mita 100 hadi 200 hivi maji ya ziwa letu hayana oksijeni, na kwamba samaki karibu wote wa ziwa zima wanaishi kwenye tabaka lile la juu. Hilo lazima aambiwe. Mwambie, lakini baada ya kumsikia mvuvi na kubishana naye. Akiwa ameshajiuliza kwa nini taa haina nguvu mwezi ukiwaka, atalipokea jibu lako kama mtu mwenye njaa.

Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe, najua bajeti yenu haifiki. Msiwe na huzuni, simulieni tu mkiwa Kibirizi, boti za kwenda huko zinapoondokea. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960, ana miaka 26, hana shahada yoyote. Nafasi aliipata kwa Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, pale makumbusho ya Nairobi, alikokwenda kuomba kazi. Miezi ya mwanzo sokwe walimkimbia. Akakaa mlimani na darubini yake, siku baada ya siku, mpaka Novemba mwaka huohuo alipomwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akitumbukiza jani la nyasi kwenye kichuguu na kulivuta likiwa na mchwa. Wakati ule wasomi walishika kwamba kutengeneza zana ni kwa binadamu tu. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba akiwa mtoto wa miaka minne hivi alijificha saa nyingi ndani ya banda la kuku ili aone yai linatokea wapi. Nyumbani walikuwa wanamtafuta kila mahali. Alipotokea ana majani kichwani, mama yake hakumpiga, alikaa akamsikiliza. Amefariki tarehe 1 Oktoba 2025, na mimi bado namfikiria zaidi yule mama.

Halafu kuna hili. Unasema watoto wako "hawajui kitu" kwa kuwa shule haina maabara. Mwanangu, hapo umenisikitisha kidogo. Tabora yote ni mizinga. Kwenye darasa la watoto arobaini hawakosi watano ambao babu zao wanarina asali. Umewahi kumsimamisha mmoja akueleze kwa nini moshi hutuliza nyuki? Ataanza na anachojua, kwamba nyuki akiona moshi hukimbilia kula asali. Kisha wewe utaongeza kwamba nyuki akichoma hutoa harufu ya kuwaita wenzake, na moshi huifunika harufu hiyo. Harufu yenyewe inafanana na ya ndizi mbivu, na mfuga nyuki makini hali ndizi karibu na mzinga. Mwambie ajaribu kunusa, kwa mbali. Huyo mtoto hatasahau, na babu yake atakuheshimu.

Kuhusu ile ripoti ya mkuu wa shule, waandike baada ya siku tatu, sio palepale. Na kila mmoja amalize na swali moja ambalo bado halijajibiwa. Kama mkuu atakataa, nipe namba yake nizungumze naye kwa heshima, mtu mzima kwa mtu mzima.

Mahali pa kulala nimeshaongea na mtu, watagawanywa wavulana huku na mabinti kule. Mama yako atapika wali na migebuka siku ya kwanza, siku nyingine mtajitegemea. Waje na masweta, ziwani alfajiri ya mwezi wa saba kuna upepo wa kusi.

Jana jioni nilipita pale makumbusho. Majimoto wameanza kiota kipya kwenye tawi la upande wa barabara, chini kabisa, usawa wa macho ya mtoto. Nimemwomba mtunza bustani asilikate mpaka mje.

Baba yako